Fundi Aliyeacha Kupiga Tupa

Mwaka jana, mvua zikiwa bado hazijaanza, tairi la nyuma kushoto la kenta moja, lori dogo la mizigo, lilichomoka ukishapita Ushirombo, likakimbia peke yake kwa kasi kuliko hata gari lenyewe, likamvunja nyonga baba mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli ya mkaa pembeni mwa barabara. Stadi za tairi lile zilitoka dukani kwangu. Aliyezifunga alikuwa jirani yangu kwa miaka kumi na moja, fundi ambaye Kahama nzima ilimjua kwa kazi moja tu: magurudumu. Mbele ya trafiki na mbele ya umati alisema kosa ni lake. Mimi nikanyamaza. Tangu siku hiyo nilitaka kujua jambo moja tu: zilikuwa stadi zangu au ulikuwa mkono wake? Jibu nimelipata mwaka huu, kutoka kinywani mwake, na nitalisema. Lakini kwanza mumjue mtu mwenyewe, maana bila kumjua yeye jibu lake halieleweki.

Kwa asiyejua, stadi ni zile bolti zilizosimama kwenye habu, kile chuma cha katikati kinachozunguka na gurudumu. Rimu inavikwa juu ya stadi, nati zinakazwa, gari linaondoka. Kitu chenyewe kinaenea kiganjani, lakini ndicho kinachobeba wachuuzi wa mnadani, mbuzi wao, magunia yao na kelele zao zote. Mimi ninauza stadi, nati, beringi, springi na makorokoro mengine ya magari ya mizigo. Duka langu na gereji yake viligawanywa na bati moja lililotoboka, na kwa kuwa umbea ninao, sikatai, tundu lile nililitumia sana.

Nilianza kumchungulia kwa sababu ya rangi ya kucha.

Dada wa vipodozi, ng'ambo ya barabara, alinijia siku moja amejishika mdomo. "Mama Kulwa, jirani yako kanunua tena rangi ya kucha. Nyekundu. Chupa mbili. Mwezi uliopita pia mbili." Nikashtuka. Mke wa fundi alikuwa mama wa kanisani, mtu wa kanga na rozari, hata hina hajawahi kupaka. Basi za nani? Tukamtafutia mwenye kucha mtaa mzima. Tukamshuku mhudumu wa baa, tukamshuku mama ntilie mmoja mwenye vidole virefu, tukamwonea huruma mke wa fundi mpaka nikaanza kumpunguzia bei ya sabuni niliyokuwa nauza pembeni. Kumbe siku moja nachungulia kwenye tundu, namwona mzee mzima amechuchumaa mbele ya tairi la Fuso, ulimi nje, anapaka nati rangi ya kucha kwa ile brashi yake ndogo. Nikacheka mpaka akasikia.

"Njoo uone vizuri, Mama Kulwa," akasema bila kugeuka. "Tundu litakutoa jicho."

Nikaenda, aibu zangu mkononi. Akanionyesha. Kila nati aliyoikaza aliichora mstari mmoja mwembamba kutoka kwenye nati mpaka kwenye rimu. Nati ikigeuka hata kidogo tu, mstari unakatika vipande viwili, na dereva anaona kabla ya kupanda. "Dereva wetu hana spana ya kupima," alisema. "Macho anayo." Nikamuuliza kwa nini asinunue rangi ya kawaida. Akanijibu kwamba ile inakuja kopo zima na brashi nene kama mkia wa ng'ombe, na hii ya akina mama inakauka kabla hajasimama. Basi magari yake yakajulikana kwa hilo. Ukiona kenta kwenye barabara ya Geita imepakwa kucha, unajua imepita kwake.

Hakuwa na kibao, wala hakuwa na bei ya kupatana. Alikuwa na ufagio. Kabla ya kugusa gari alifagia sakafu yake ya udongo mpaka ikang'aa, ili nati ikidondoka ionekane, na akimaliza alivua viatu. Nilimuuliza mara nyingi kwa nini anafanya kazi peku. Mara ya kwanza alisema viatu vinachoka. Mara ya pili akasema ni joto. Mara ya tatu akaniambia nisogee, akamwamuru dereva aendeshe taratibu uani, naye akatembea kando ya gari, mkono mmoja juu ya bodi, kichwa kimeinama upande kama mtu anayesikiliza umbea kwa jirani. Akaenda hatua kumi, akarudi hatua kumi. "La kulia nyuma," akasema. "Linagonga." Dereva akaapa kwamba hakuna kitu kinachogonga. Wakapandisha jeki, wakafungua, wakakuta stadi mbili zinazunguka ndani ya habu kwa sababu meno ya kuzishika yamekwisha. Alikuwa amelisikia kwa nyayo. Mpaka leo sijui kama nimwamini, lakini nilikuwepo.

Madereva wengi wa huku wana ugonjwa mmoja. Gurudumu likianza kulia ka-ka-ka, wanasema ni jiwe limenasa kwenye tairi. Njia za Nyarugusu zimejaa mawe kweli, kwa hiyo huwezi kuwalaumu moja kwa moja. Wanasimama, wanachokonoa jiwe, wanalikuta, maana mawe hayakosekani, wanalitupa, wanaendelea kwa furaha huku nati zinalegea. Fundi aliwauliza wote swali lile lile: "Jiwe lilitoka, na sauti ilitoka?" Hapo ndipo utamwona dereva anaangalia juu.

Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alikuwa na neno lake moja ambalo alilisema kila gari lilipoharibika: "Tairi halitoki. Linaachiwa." Maana yake, alivyonifafanulia siku alipokuwa na nafasi, ni kwamba hakuna tairi linaloamua kuondoka. Kuna mtu aliliona, akaliacha. Inaweza kuwa dereva, inaweza kuwa fundi, inaweza kuwa mwenye gari. Kazi ya anayechunguza ni kumtafuta huyo mtu. Nililichukulia kama maneno tu ya gereji.

Kuna wachimbaji wawili walimletea kenta ambayo walishindwa kufungua tairi la kushoto. Walikuwa wamechomeka bomba refu kwenye wilispana, ile spana ya magurudumu, mmoja ananing'inia, mwenzake anaruka juu yake kama anatwanga. Wamekwisha kukata stadi tatu, na jasho linawatoka. Fundi akaketi juu ya ndoo, akawaangalia mpaka wakachoka. "Mmemaliza?" akauliza. Akasimama, akafuta kichwa cha stadi moja kwa kidole gumba, ikatokea herufi L. "Hii haikuandikwa kwa urembo. Magari haya upande wa kushoto yanafunguka kwa kwenda kulia. Nyinyi mlikuwa mnakaza." Yule wa juu ya bomba akashuka polepole. Nilicheka peke yangu huku upande wangu wa bati, lakini fundi hakucheka hata kidogo. Aliwapa maji ya kunawa, akawaambia kosa hilo hata yeye alilifanya akiwa bado anajifunza. Baadaye nikamuuliza kama ni kweli. Akasema, "Wewe unafikiri wangekaa kunisikiliza kama ningewaambia mimi sikukosea?"

Na huyu wa rangi ya dhahabu ndiye aliyenipendeza kuliko wote. Mchimbaji mmoja wa Nyarugusu alipata mali, yaani alikutana na mwamba wenyewe wa dhahabu, na siku chache baadaye akanunua kenta. Akaipaka rangi ya dhahabu kwenye rimu zote, ndani na nje, mpaka kwenye uso wa habu, mpaka kwenye stadi zenyewe, tabaka nene kama mkate uliopakwa siagi na mtoto. Siku ya pili nati zikalegea. Akazikaza. Siku ya tatu zikalegea tena. Akaanza kusema kwamba mshirika wake wa shimoni amemfanyia kitu, kwamba kamwonea kijicho, na alikuwa njiani kwenda kwa mganga alipoambiwa na dereva wake apitie kwanza hapa. Fundi akafungua gurudumu, akachukua kisu, akakwangua rangi yote iliyokaa kati ya rimu na habu, akaikusanya juu ya gazeti. Ikawa rundo la ukubwa wa ngumi. Akamkabidhi mchimbaji kwa mikono miwili.

"Huyu ndiye mchawi wako," akamwambia. "Rangi inakaa kati ya chuma na chuma. Gari likienda inapondeka, nafasi inabaki, nati inalegea. Mwombe radhi mwenzako wa shimoni."

Mchimbaji akalikunja lile gazeti. Halafu akauliza kama anaweza kwenda nalo. Sijui alikwenda kumwonyesha nani.

Sasa hapa ndipo mtu huyu alipokuwa ananichanganya. Chuma hakukionea huruma. Habu iliyopasuka au yenye matundu yaliyopanuka hakumrudishia mwenyewe ikiwa nzima. Aliiweka juu ya jiwe, akaipiga nyundo kubwa mpaka ikagawanyika, mwenye gari akipiga kelele. "Ukiibeba nzima, utaifunga kesho," alisema. Wako waliomtukana. Wako waliompeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Hakujali. Stadi zilizochomelewa ili zisizunguke alizikata. Waliotia kipande cha kopo la soda kati ya stadi na habu ili zibane, alikitoa na kuwawekea mfukoni mwa shati, kimya kimya, wengine wasione.

Hapo sasa. Wasione. Chuma hapana, lakini binadamu alimwonea huruma mpaka inakera. Hakuwahi kumwaibisha mtu mbele ya watu. Mteja aliyevunjiwa habu yake alipewa chai na andazi la fundi mwenyewe, na mara mbili nilimwona fundi akila ugali mkavu kwa sababu mboga amempa dereva aliyekuwa amekasirika. Na baiskeli yake mwenyewe! Gurudumu la mbele lilikuwa linacheza kama kichwa cha kuku. Nilimwambia kila wiki, "Fundi, baiskeli hiyo itakutupa." Alijibu, "Hiyo inanitupa mimi tu." Miaka kumi na moja hakuitengeneza.

Ndiyo maana nafika kwenye tupa, na hapa siwezi kujitoa.

Fundi alikuwa na tupa ndogo, imeisha meno upande mmoja. Akija kununua stadi kwangu, haikujalisha nani yupo dukani, aliichomoa, akaiweka stadi ukingoni mwa meza yangu, akaipiga tupa mara mbili kwenye kichwa chake. Chuma kizuri kinaikataa tupa, inateleza. Chuma laini kinatoa unga. Kikitoa unga alikirudisha bila neno, akachukua kingine. Nami nikabaki na stadi zenye mikwaruzo. Kwa miaka yote nilivumilia, kwa sababu kusema kweli alinifundisha kuchagua mzigo.

Lakini mwaka juzi lilifunguliwa duka kubwa la spea upande wa pili, lenye vioo na kijana wa kukaribisha wateja, na biashara yangu ikaanza kukauka. Nikawa na hasira za karibu. Siku moja nina wateja watatu, watu wazito, fundi akaingia, "Shikamoo" zikapita, akachomoa tupa yake. Kwaru, kwaru. Unga ukamwagika mezani kwangu mbele ya wateja. Akachukua nyingine. Unga tena. Wateja wakatazamana. Wawili wakatoka.

Nikalipuka. Mdomo wangu mnaujua. Nikamwambia hapa ni dukani, siyo kwenye gereji yake ya udongo. Nikamwambia kama haamini mzigo wangu aende kwenye vioo kule. Nikamwambia, na hili nalikumbuka neno kwa neno, "Nunua au uache, lakini usinivue nguo mbele za watu!" Mtu anayeweza kuwa baba yangu. Fundi akaiangalia tupa yake, akairudisha mfukoni. "Pole, Mama Kulwa," akasema. "Hukustahili." Akanunua alichokuwa amekishika, akatoka.

Hakupiga tupa tena dukani kwangu. Siku zote zilizofuata alikuja, akaomba, akapokea, akaondoka. Nikajiambia nimeshinda. Ukweli ni kwamba ilinisumbua, nikawa nammiminia maneno matamu ili aone sijakasirika, lakini kumwambia rudisha tupa yako, hapana, kiburi hakikuniruhusu.

Miezi mitatu baadaye alikuja kuchukua stadi sita za kushoto, za nyuma, yaani za gurudumu zima, kwa ajili ya kenta ya wachuuzi. Nilikuwa nimepata mzigo mpya kwa msambazaji mgeni, bei yake nzuri mno, na nikafurahi badala ya kujiuliza. Nikampa. Akazipokea kwa mikono miwili, akaenda. Nikiwa mlangoni mwa duka na wateja, nilimwona uani kwake akizifunga. Mara moja alisimama, wilispana mkononi, akaangalia upande wangu. Nilidhani ananisalimia. Nikampungia mkono. Akainama tena akaendelea.

Kenta ilikwenda Ushirombo na kurudi, safari ya majaribio kama alivyokuwa anawaamuru wote, fundi akakaza tena, akapaka kucha. Siku ya nne tairi likachomoka.

Dereva wa kenta ile aliniambia mwenyewe, na hili ndilo lililonitia mdudu kichwani: asubuhi ile, kabla ya kuondoka, alikagua mistari yote. Yote ilikuwa mizima. Hakuna nati iliyogeuka. Sasa jamani, mimi ni muuza spea, siyo mtoto. Kama nati hazikugeuka, basi hazikulegea. Kama hazikulegea, basi kilichokatika ni chuma. Lakini tulipopigiwa simu tukapanda gari mpaka pale, fundi alisimama barabarani, kofia mkononi, akamwambia trafiki, "Mimi ndiye niliyefunga. Sikukaza vizuri." Hakuna aliyeuliza stadi zilinunuliwa wapi. Nami nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake.

Yule baba wa mkaa alilazwa wiki nyingi. Fundi alikwenda kumwona kila siku ambayo basi lilikuwepo, na uji kwenye chupa ya chai. Mimi nilikwenda mara moja, nikakaa dakika chache, nikasema nina mgeni dukani. Sasa hivi yule baba anatembea kwa gongo, na mkaa anausukuma mwanawe. Fundi akafunga gereji. Alifagia sakafu kwa mara ya mwisho, akapakia vitu vyake, akaenda kulima Ushetu. Aliniaga kwa Kisukuma, kama tulivyozoea kusalimiana asubuhi, "Mwangaluka, Mama Kulwa," ingawa ilikuwa jioni.

Basi mwaka huu nikashindwa kuvumilia. Kila nikihudumia mteja nilikuwa namwona yule baba na gongo lake. Jumamosi moja nikafunga duka mapema asubuhi, nikapanda gari la Ushetu, nikaulizauliza mpaka nikafika. Ulikuwa msimu wa tumbaku. Nikamkuta ameketi mbele ya bani lake la kukaushia, anafunga majani kwenye vijiti, mikono imejaa utomvu mweusi. Alikuwa amekonda. Mke wake akanipokea kwa vigelegele, akaenda kunichemshia viazi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mama. Umekuja na miguu yako mpaka huku?"

"Nimekuja kukuuliza kitu, na usinionee huruma." Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kusema vizuri, lakini ilitoka kama kawaida yangu, kwa ukali. "Ilikuwa mkono wako, au zilikuwa stadi zangu?"

Hakujifanya hakuelewa. Akamaliza kufunga jani alilokuwa nalo. Halafu akasema, "Nilipokuwa naikaza ya tatu, ilivutika. Stadi nzuri ukifika mwisho inakukatalia, mkono unajua. Ile iliendelea kuja, laini, kama kuvuta ulezi uliopikwa vibaya. Nikajua hapo hapo ni mbovu. Na kama moja ni mbovu, za boksi moja zote ni mbovu."

"Na ukazifunga."

"Nilisimama nikakuangalia. Nikasema nikimrudishia sasa hivi, na yupo na watu, nitamvua nguo tena." Akafuta mikono kwenye suruali. "Ukanipungia mkono. Nikafikiri, nitazikaza kwa upole, nitamwambia dereva apunguze mzigo, nitamtafuta Mama Kulwa kesho akiwa peke yake. Kesho ukawa na mgeni. Keshokutwa nikaona aibu yangu mimi mwenyewe. Siku ya nne unaijua."

Nililia. Sioni haya kusema. Nililia kwa sauti mbele ya majani ya tumbaku, na mke wake akatoka jikoni akarudi ndani. Nilikuwa nimesafiri kwenda kuambiwa kosa ni la nani, na kumbe kosa lilikuwa letu wote wawili, mimi kwa mdomo wangu na yeye kwa upole wake, na aliyevunjika nyonga hakuwa hata mmoja wetu. Nikamwambia anisamehe. Akasema yeye pia anaomba. Tukakaa.

Nilidhani yameisha. Nikafuta machozi, nikawa najisikia mwepesi, hata nikaanza kumwuliza habari za mavuno. Fundi akaweka kijiti chini. Alikuwa ananiangalia kama alivyokuwa anaangalia magari.

"Mama Kulwa, boksi lile lilikuwa na ngapi?"

"Ishirini."

"Mimi nilichukua sita."

Mungu wangu. Mwaka mzima nilikuwa nauliza kosa la nani, la nani, na sikuwahi kuuliza stadi zilizobaki ziko wapi.

"Mbili ninazo kwenye droo," nikasema. "Sita aliziweka mwenye kenta ya kusomba mawe, Nyarugusu. Na sita..."

"Ulimuuzia nani?"

"Kenta inayobeba kwaya. Ya kigango kimoja kule Bukombe. Mwezi uliopita." Nikajitetea, hata sijui kwa nani. "Fundi, wewe mwenyewe ulisema ni mkono wako! Nikaamini mzigo ni mzima. Nikauza."

Uso wake ulibadilika, na si kwa hasira. "Ndiyo," alisema polepole. "Niliubeba mzigo wa lawama nikakuachia boksi."

Nikatoa simu. Nikaweka sauti ya nje ili fundi asikie. Yule wa Nyarugusu alipokea mara ya kwanza. Gari lake liko juu ya mawe tangu Jumatatu, springi imekatika, haliendi popote. Fundi akamwambia asilifunge tairi lolote mpaka afike. Nikapiga ya pili. Ikaita. Ikaita tena. Ikapokelewa, na kabla ya neno lolote nikasikia akina mama wanaimba, sauti tatu, wanapiga na makofi.

"Mama Kulwa, tumsifu Yesu Kristo!" dereva alipaza sauti. "Niko barabarani nina kwaya, tunawahi sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia! Nikupigie baadaye?"

"Simama," nikamwambia.

"Nisimame wapi?"

"Hapo hapo ulipo!"

Fundi akachukua simu. Sauti yake ilikuwa ile ya gereji, tulivu. Akamwambia asikanyage breki kwa nguvu, aliache gari lipunguze mwendo lenyewe, asogee pembeni. Tukasikia changarawe. Akamwambia awashushe watu wote, watoto kwanza. Wimbo ukakatika katikati, watu wakaanza kuulizana. Akamwambia aende kwenye tairi la nyuma kushoto, ainame, ahesabu nati kwa sauti ili asikie.

Tukamsikia akikohoa vumbi.

"Moja," dereva alisema. "Mbili. Tatu. Nne."

Fundi akasubiri ya tano na ya sita.

"Endelea," akamwambia.

"Zimeisha, mzee."